Vijiko Vitatu vya Samli

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, msichana mmoja wa darasa la sita alikuwa wa kwanza kufika langoni. Begi lilimpigapiga mgongoni, kamba za viatu zilimfuata chini kama mikia. Nyumbani na shuleni walimwita Chapuchapu, na jina lilimkaa sawasawa. Alikula chapuchapu, aliandika chapuchapu, na mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu hata usingizi wake una haraka, maana hulala akipiga mateke.

Mama yake alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia mashuka cha hospitali. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi majumba, wiki hii yuko huku, wiki ijayo yuko kule. Kwa hiyo ufunguo wa nyumba yao, iliyokuwa ghorofa ya pili, uliachwa chini kwa Bibi Fundi.

Bibi Fundi alikuwa mshonaji wa miaka sitini na saba, mwembamba kama uzi wake mwenyewe, na tepu ya kupimia haikumtoka shingoni toka asubuhi hadi jioni. Wazee wake walitoka India zamani, na yeye alirithi kwao mambo mawili: cherehani nyeusi yenye maua ya dhahabu yaliyofutikafutika, na mapishi ya nyumbani kwao. Chumba cha mbele kilikuwa cha kushonea. Nyuma ya pazia kulikuwa na jiko dogo, safi, lenye kunukia bizari na tangawizi hata siku ambayo hakijapikwa kitu.

Jambo moja lilimshangaza Chapuchapu tangu alipokuwa mdogo. Bibi Fundi hakula nyama, wala samaki, wala mayai. Maziwa hakunywa, samli hakuigusa. Chakula chochote kilichotoka kwa mnyama hakikupita mlangoni kwake.

"Sasa Bibi, unakula nini? Hewa?" alimwuliza siku moja.

"Nakula shamba zima," Bibi Fundi akajibu bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akishona. "Wewe unakula ng'ombe. Mimi nakula alichokula ng'ombe. Nani kamtangulia mwenzake?"

Chapuchapu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini siku nyingine, Bibi Fundi alimweleza bila mzaha.

"Nilipokuwa na miaka tisa, mama yangu aliniuliza kama nataka kubaki na chakula cha kwetu au nataka kula kama rafiki zangu. Akasema, chagua mwenyewe, sitakuchukia. Nikamwambia, Mama, nitabaki na chakula chako. Sasa ni miaka hamsini na minane. Mama hayupo, lakini nilichomwambia kipo."

Kisha ikatokea ajali. Bibi Fundi alipanda kwenye kigoda ili kushusha jora la kitambaa kwenye rafu ya juu. Kigoda kikateleza, naye akaangukia mkono wa kulia. Daktari alimfunga plasta ngumu kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko, akamwambia asiutumie mkono ule kwa wiki sita.

Majirani walikuwa watu wa huruma. Siku ile ile wakaanza kuleta vyakula, huyu bakuli, yule hotipoti. Lakini kila Bibi Fundi alipofunua, alikuta kitu asichoweza kula. Wali ulikuwa umepikwa kwa supu ya nyama. Mboga ilikuwa na maziwa. Alishukuru, akafunika tena, na mgeni alipoondoka akampelekea jirani mwingine. Mwenyewe alibaki na mkate na chai ya rangi. Wiki moja tu, mashavu yake yakabonyea.

Chapuchapu aliyaona mashavu yale alipokuja kuchukua ufunguo.

"Bibi, mimi nitakupikia," akasema.

"Wewe? Unajua kupika nini?"

"Chai."

"Haya, tukianzia kwenye chai tutafika," Bibi Fundi akasema huku akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

Basi wakaanza. Bibi Fundi alikaa kwenye kiti cha jikoni, mkono umening'inia kwenye kitambaa, na Chapuchapu akasimama mbele ya jiko. Somo la kwanza lilikuwa dengu nyekundu, kwa sababu, alisema Bibi, dengu humsamehe mpishi mgeni.

"Zioshe mpaka maji yawe meupe. Bado. Bado, mjukuu wangu, hayo ni maji ya matope. Tena. Sasa weka maji vikombe vitatu kwa kikombe kimoja cha dengu, na manjano nusu kijiko. Povu likipanda, liondoe. Moto mdogo. Usizikimbize, zitaiva zenyewe."

Dengu zilipolainika, kikaja kile ambacho Bibi Fundi alikiita roho ya chungu. Kwenye kikaango kidogo alimwambia aweke mafuta ya alizeti, na yakishapata moto, atie bizari nyembamba, zile mbegu ndogo za kahawia. Zilipoanza kupasuka pasu pasu na kunukia, kilifuata kitunguu saumu na tangawizi, kisha kitunguu maji, na mwisho nyanya. Vyote vikamiminwa juu ya dengu, chungu kikaguna shwaaa, na jiko zima likajaa harufu ambayo Chapuchapu alitamani kuila kwa mkate.

"Lakini nisikilize vizuri," Bibi Fundi alimwambia. "Bizari ikiwa ndani ya mafuta, macho yako yasitoke hapo. Inaungua unapopepesa jicho. Mtu akikuita, usiitike. Hata kama ni mimi."

Wiki baada ya wiki Chapuchapu alijifunza viazi vya manjano, kabichi ya mbegu za haradali, na dengu nzito za tui la nazi. Mashavu ya Bibi Fundi yakarudi. Na Chapuchapu, kama mlivyokwisha kumjua, akaanza kutamba shuleni.

"Mimi napika Kihindi," aliwaambia wenzake. "Viungo vyote navijua kwa kunusa tu, macho nimefumba."

Rafiki yake mmoja, msichana aliyeitwa Miwani kwa sababu zilizokuwa usoni mwake, hakukubali. "Wewe? Wewe ambaye hata penseli unachonga mpaka inakwisha?"

"Njoo Jumamosi uone kwa macho yako manne."

Jumamosi ile ilikuwa siku ya Bibi Fundi kutolewa plasta. Alikuwa amewaalika wateja wake wa siku nyingi kula chakula cha mchana: Mama Vitambaa, mwanamke mnene mcheshi aliyeuza vitambaa sokoni, mwalimu wa chekechea, na jirani wa ghorofa ya tatu. Asubuhi, kabla ya kwenda hospitali, alimkabidhi Chapuchapu jiko.

"Leo unapika peke yako," akasema. "Dengu, viazi na wali. Ukikwama, subiri nirudi. Wageni wangu hawana haraka."

Chapuchapu alianza vizuri. Aliosha dengu mpaka maji yakawa meupe. Aliondoa povu. Miwani alikaa kwenye kiti cha Bibi Fundi, akimenya viazi na kupiga soga. Saa sita kasorobo, mafuta yalikuwa yamepata moto, na Chapuchapu akatia bizari.

"Halafu ulimwona mwalimu mkuu jana," Miwani akasema, "alivyokanyaga ganda la ndizi?"

"Si nilikuwepo! Alifanya hivi." Chapuchapu akaacha jiko, akatembea katikati ya chumba kwa mbwembwe, tumbo mbele, mikono nyuma, kisha akateleza na kupepea mikono kama bata. Miwani alicheka mpaka machozi yakamtoka, akavua miwani ili ayafute. Kwa hiyo hakuna aliyeuona moshi. Walisikia harufu tu.

Bizari ilikuwa nyeusi tii.

Chapuchapu angeweza kuimwaga na kuanza upya. Bizari nyingine ilikuwepo, kopo zima. Lakini alitazama saa ya ukutani, akafanya vile alivyozoea kufanya mambo yote. Alitia kitunguu juu ya bizari iliyoungua, akatia nyanya, akakoroga harakaharaka, akamimina vyote kwenye sufuria kubwa ya dengu.

Alionja. Zilikuwa chungu kama dawa ya malaria.

"Tumekwisha," akanong'ona.

"Weka chumvi," Miwani akashauri. Wakaweka. "Weka sukari kidogo." Wakaweka. Dengu zikawa chungu, zenye chumvi, zenye sukari. Saa ikasogea.

Hapo ndipo Chapuchapu alipokumbuka samli ya mama yake. Ilikaa kwenye rafu yao ya juu, ndani ya kopo la bati, na mama alikuwa akisema kwamba samli inaweza kuficha makosa ya mpishi yeyote. Alipanda ngazi mbili mbili. Alirudi na kopo limefichwa ndani ya sweta.

Miwani alisimama. "Hiyo si inatoka kwenye maziwa? Si ulisema Bibi Fundi..."

"Kidogo tu. Hatajua."

"Lakini Chapu..."

"Nimesema hatajua! Unataka wageni wale dawa?"

Akatia kijiko kikubwa kimoja, akaonja. Akatia cha pili. Akatia cha tatu. Samli ikayeyuka, ikatandaza madoa ya dhahabu juu ya dengu, na uchungu wote ukazama chini yake. Mwisho alinyunyiza majani ya kotimiri yaliyokatwakatwa. Kwa macho na kwa pua, zilikuwa dengu nzuri kuliko zote alizowahi kupika.

Miwani alimaliza kumenya viazi, akasema anaitwa nyumbani, akaondoka. Hakuna aliyekuwa amemwita.

Bibi Fundi alirudi mkono wake ukiwa huru, mweupe na mwembamba, akiufungua na kuufunga kama mtu anayejaribu glavu mpya. Wageni wakafika. Chakula kikapakuliwa. Mama Vitambaa alionja kijiko cha kwanza, akaweka mkono kifuani.

"Jamani! Hizi dengu kapika nani?"

"Mjukuu wangu huyu," Bibi Fundi akasema, na sauti yake ilikuwa imejaa fahari. Akala. Akaongeza tena. Alikula sahani mbili, yeye ambaye siku zote aliacha chakula kidogo kwenye ukingo. "Laini namna hii! Mimi mwenyewe sijawahi kuzipata hivi. Hebu niambie, umetia nini humu?"

Watu wote wakamgeukia Chapuchapu. Ulikuwa wakati wake wa kusema. Mlango ulikuwa wazi, maneno yalikuwa mafupi.

"Tui la nazi, Bibi," akajibu. "Tui zito."

Mama Vitambaa akapiga makofi. "Basi nimepata dawa yangu! Daktari kanikataza mafuta ya wanyama kwa ajili ya moyo, nami nilidhani nimehukumiwa kula majani matupu. Mtoto, lazima utufundishe."

Wakakubaliana palepale. Baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, wageni wale wale wangekuja kujifunza mapishi rahisi yasiyo na kitu cha mnyama, na mwalimu wao angekuwa Chapuchapu. Bibi Fundi akasema kwamba kazi ya kwanza ya mkono wake uliopona itakuwa kumshonea mwalimu huyo aproni.

Siku ile Chapuchapu hakula. Aliosha vyombo vyote peke yake, na maji yalipogusana na mafuta ya samli yaliyoganda kwenye sufuria ya Bibi Fundi, uso ulimwaka moto kama aliyechapwa kofi.

Jumatatu, alipokuja kuchukua ufunguo, alimkuta Bibi Fundi jikoni.

"Njoo uonje," Bibi akamwita. "Nimejaribu zile dengu zako za tui zito."

Chapuchapu alionja. Zilikuwa nzuri, nzuri sana, lakini zilikuwa na ladha ya nazi.

"Siyo zenyewe, eh?" Bibi Fundi akauliza. "Najua siyo zenyewe. Nitajaribu tena."

Jumatano alijaribu tena. Ijumaa akajaribu mara ya tatu, nazi mbili kwa chungu kimoja. Chapuchapu alipoingia, Bibi Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, mkono wake wa kulia umelala mapajani kama kitu kisicho chake.

"Mkono umesahau," akasema polepole. "Daktari alisema utarudi kama zamani. Pengine utarudi kwenye kushona. Lakini kupika, naona umesahau. Umri nao, mjukuu wangu. Nimepika dengu toka nikiwa mdogo kuliko wewe, leo nashindwa na chungu kimoja." Akajaribu kucheka. "Afadhali wewe upo. Utanifundisha na mimi pamoja na wale."

Juu ya meza kulikuwa na aproni ya buluu yenye mfuko mbele, mishono yake bado inapindapinda kidogo kwa udhaifu wa mkono. Chapuchapu aliichukua, akasema asante kwa sauti ambayo hakuisikia mwenyewe, akapanda ngazi. Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kutembea, alipanda moja moja.

Jumamosi na Jumapili asubuhi alijificha chumbani akidai kichwa kinamwuma. Alipofumba macho aliuona ule mkono mweupe mapajani. Shuleni Miwani alikuwa amemwuliza neno moja tu: "Umemwambia?" Na tangu hapo, kila walipokutana, Chapuchapu alijifanya anatafuta kitu kwenye begi.

Jumapili mchana mama yake alikuwa akipanga rafu. Alishusha lile kopo la bati, akalipima kwa mkono.

"Hee, samli hii imenywewa na panya?"

Chapuchapu angeweza kumsingizia panya. Badala yake alianza kulia, na maneno yakatoka yote kwa mkupuo, bizari, saa ya ukutani, vijiko vitatu, tui la nazi, Mama Vitambaa na moyo wake, na mkono uliosahau.

Mama alikaa kitandani. Akatazama mikono yake iliyokunjamana kwa sabuni.

"Unajua mimi nafua mashuka ya wagonjwa," akasema. "Mgonjwa analala juu yake bila kuuliza kama yamechemshwa. Haji chumbani kwetu kukagua. Ananiamini ingawa hajawahi kuniona. Bibi Fundi anakuona kila siku, anakuita mjukuu. Unajua la kufanya?"

"Nenda wewe umwambie, Mama. Tafadhali."

"Nitakusindikiza mpaka mlangoni. Maneno ni yako."

Wakashuka. Bibi Fundi alikuwa akitia uzi kwenye sindano ya cherehani, jambo ambalo bado lilimpa shida. Mama alisimama mlangoni kama alivyosema. Chapuchapu akasonga mbele, na macho yake yalikuwa kwenye vidole vya miguu yake.

"Bibi, halikuwa tui. Siku ile. Bizari iliungua kwa sababu nilikuwa nafanya mchezo, nikatia samli ili isijulikane. Mkono wako haujasahau chochote. Ni mimi niliyedanganya."

Barabarani baiskeli ilipita ikipiga kengele.

"Samli," Bibi Fundi akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Vijiko vingapi?"

"Vitatu. Vikubwa."

Bibi Fundi aliweka uzi chini, akainuka, akapita nyuma ya pazia. Walisikia bomba likifunguliwa. Aliitoa ile sufuria kubwa, iliyokuwa safi tayari, akaiosha kwa sabuni, akaisuuza, akaiosha tena. Mkono wake dhaifu ulisugua taratibu, na sauti ya kusugua ile ilikuwa mbaya kwa Chapuchapu kuliko makaripio yoyote. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Sahani mbili," akasema. "Nilikula sahani mbili nikijisifu. Nenda nyumbani, mtoto."

Hakusema mjukuu wangu. Alisema mtoto.

Wiki nzima iliyofuata, ufunguo uliwekwa kwenye kizingiti cha dirisha, na pazia la chumba cha kushonea lilikuwa limeshushwa. Chapuchapu aliuchukua, akasema shikamoo kuelekea pazia, na sauti ya ndani ikaitikia marahaba, si zaidi. Shuleni alimtafuta Miwani mwenyewe. "Nimemwambia," akasema. Miwani alimsogelea kwenye benchi, akampa nusu ya andazi lake.

Ijumaa jioni, Chapuchapu alimwuliza mama yake kama somo la kesho limefutwa.

"Sijasikia limefutwa. Na wale wageni nao uliwadanganya, au umesahau?"

Hakuwa amesahau. Ndicho kilichomnyima raha.

Jumamosi akashuka mapema, aproni ya buluu imekunjwa mkononi, kwa sababu hakuona haki ya kuivaa. Bibi Fundi alifungua mlango, akamtazama, akasogea pembeni ili apite. Mama Vitambaa na wenzake walikuwa wamekaa tayari, kila mmoja na daftari.

"Mwalimu wetu huyo!" Mama Vitambaa akapaza sauti. "Mbona aproni haijavaliwa?"

Chapuchapu alisimama mbele ya jiko. Alitamani sakafu ipasuke immeze.

"Kabla hatujaanza," akasema, "ile siku niliwaambia uongo. Dengu hazikuwa na tui la nazi. Niliunguza viungo, nikaficha kwa samli. Mama Vitambaa, daktari alikukataza, na mimi nilikuacha ule. Bibi samli haigusi kabisa, na nilimlisha. Samahani."

Mwalimu wa chekechea alifunga daftari lake. Mama Vitambaa hakucheka, naye alikuwa mtu wa kucheka na kila kitu.

"Wiki mbili hizi," akasema, "nimemsimulia kila mteja sokoni kwamba kuna tui la nazi lenye utamu wa samli. Kumbe ni samli yenyewe. Mtoto, kama ningekuwa mtu ambaye kijiko kimoja kinampeleka hospitali, je?"

Machozi yalidondoka kwenye aproni iliyokunjwa, yakaacha alama nyeusi. Aligeuka ili aondoke.

"Unakwenda wapi?" Ilikuwa sauti ya Bibi Fundi. "Watu wamekuja kujifunza. Vaa aproni. Osha dengu."

Akavaa. Akaosha dengu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka maji yakawa meupe. Alitia manjano, akaondoa povu. Bizari ilipoingia kwenye mafuta, macho yake hayakupepesa, na mwalimu wa chekechea alipomwuliza jambo, aliinua kiganja kuomba asubiri. Ikapasuka pasu pasu, ikanukia. Kitunguu saumu, tangawizi, kitunguu maji, nyanya. Shwaaa. Wageni wakaanza kuandika.

Lakini alipokoroga, aliona tatizo. Kwa woga alikuwa amehesabu vibaya vikombe vya maji, na dengu zilikuwa nyepesi kama chai. Wageni walikuwa wameinama kwenye madaftari yao. Hakuna aliyekuwa ameona bado.

"Bibi," akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "nimekosea tena. Nimezidisha maji."

Bibi Fundi aliinuka, akachungulia ndani ya sufuria. Kisha, kwa mkono wake wa kulia, akachukua mwiko na kuanza kuponda dengu ubavuni mwa sufuria.

"Angalieni wote, hili nalo ni somo," akasema. "Zikiwa nyepesi unaponda kiasi, unaacha bila mfuniko, unangoja. Dakika kumi. Hakuna kilichoharibika." Akamgeukia Chapuchapu, na sasa alizungumza naye peke yake ingawa chumba kizima kilisikiliza. "Na siku ile pia hakuna kilichokuwa kimeharibika. Bizari iliyoungua ni ya kumwaga. Ungeniambia, tungecheka, tungekula viazi. Mimi sikuumia kwa sababu ulikosea. Kila mtu hapa ameunguza chungu. Niliumia kwa sababu nilikuuliza kuna nini, ukaniangalia machoni, ukaniacha nile kitu ambacho kwa miaka hamsini na minane nilikikataa. Halafu ukaniacha nidhani mkono wangu ndio wenye kosa."

"Najua, Bibi."

"Mtu anayekula chakula chako anauweka mwili wake mikononi mwako. Haoni ndani ya chungu. Ana neno lako tu. Upike vizuri au upike vibaya, hilo tutalirekebisha. Lakini unapoulizwa kuna nini, jibu kilichomo. Na ukilikosea jibu, usisubiri wiki."

Chapuchapu akaitikia kwa kichwa. Wakangoja zile dakika kumi, na hakuna aliyeona ni ndefu isipokuwa yeye. Dengu zikazidi kuwa nzito, zikaanza kutoa mapovu polepole. Akanyunyiza kotimiri, akapakua sahani ya kwanza, akaiweka mbele ya Bibi Fundi.

Bibi Fundi hakugusa kijiko.

"Kuna nini humu?" akauliza.

"Dengu," Chapuchapu akasema. "Maji, zaidi ya yaliyotakiwa. Manjano nusu kijiko. Mafuta ya alizeti. Bizari nyembamba, haikuungua. Kitunguu saumu, tangawizi, kitunguu maji kimoja, nyanya mbili. Chumvi. Kotimiri. Basi, Bibi. Hakuna kingine."

Mama Vitambaa alikuwa ameacha kuandika. Bibi Fundi alimtazama msichana usoni kwa muda mrefu, kama anavyotazama mshono anapotafuta pale ulipoachia. Kisha akachukua kijiko, akala.

"Sijasahau yaliyopita," akasema baada ya kumeza. "Itanichukua muda. Utaniona nikikuuliza hivi kila siku, na kila siku utanijibu."

"Ndiyo, Bibi."

"Zina chumvi kidogo mno." Akala kijiko cha pili. "Wapakulie wageni, mjukuu wangu, kabla hazijapoa."